IJUMAA YA TAREHE 13 APRILI 2029: TUJIANDAE KWA ELIMU, SI KWA UVUMI



Sifa njema zote anastahiki Allah (S.W.), Mola wa mbingu na ardhi, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo, wanafunzi wapenzi, wazazi na walimu wetu, naomba nafasi katika jarida letu nizungumzie jambo ambalo kwa kawaida halipati nafasi katika kurasa hizi. Nalo ni mawe makubwa yanayopita angani karibu na dunia yetu, na wajibu wa binadamu kuyafuatilia na kujikinga nayo.

Sababu ya kulileta jambo hili sasa ni hii. Ikifika Ijumaa ya tarehe 13 Aprili 2029, inshaallah, jiwe moja liitwalo Apophis, lenye upana wa mita 340 hivi, litapita kiasi cha kilomita 32,000 tu kutoka uso wa dunia. Setilaiti za televisheni ambazo madishi ya juu ya mapaa yetu yameelekezwa kwazo ziko umbali wa karibu kilomita 36,000. Yaani jiwe hili litapita karibu nasi kuliko setilaiti hizo. Litaonekana kwa macho matupu, bila ya darubini, katika nchi nyingi za Afrika, Ulaya na Asia ya Magharibi, mfano wa nyota ndogo inayotembea. Katika safari yake litavuka anga ya Bahari ya Hindi, kisha litaingia juu ya Afrika. Wakati litakapokuwa karibu kabisa na dunia, kwa saa za Afrika Mashariki itakuwa saa 6:46 usiku, usiku wa kuamkia Jumamosi.

Halitatugonga. Nalitanguliza hili ili asiwepo mtoto atakayesoma mpaka hapa kisha akashindwa kulala. Vipimo vya rada vilivyofanywa Machi 2021 viliondoa kabisa uwezekano wa Apophis kuigonga dunia kwa muda wa miaka mia moja ijayo.

Lakini jiwe kubwa, lenye jina la nyoka wa fujo katika visa vya Misri ya kale, tena siku ya Ijumaa! Kila mwenye simu anajua kitakachofuata. Ujumbe utaanza kutembea: "Mjulishe mwenzako, usipowatumia watu kumi umejidhulumu nafsi yako." Rai yangu katika makala hii ni kwamba Mwislamu hatakiwi kuwa katika kundi la wanaosambaza hofu hiyo, wala katika kundi la wanaokaa tu wakisema "litakalokuja lije". Kujua kinachotujia, kukihakiki na kujikinga nacho ni sehemu ya kuitunza amana ya uhai tuliyopewa.

MAWE HAYA NI NINI?

Wataalamu huyaita asteroidi. Ni vipande vya mawe na madini vinavyolizunguka jua kama dunia yetu inavyolizunguka. Vingi viko mbali nasi, baina ya sayari za Mirihi na Mshtarii. Lakini viko ambavyo njia zao zinaikaribia njia ya dunia. Mpaka kufikia mwishoni mwa mwaka 2025, zaidi ya 40,000 vya namna hii vilikuwa vimekwisha kuorodheshwa. Vinavyoitwa "vyenye hatari" ni vile vyenye ukubwa unaofikia mita 140 au zaidi, na ambavyo njia yake inaikaribia njia ya dunia kwa chini ya kilomita milioni 7.5. Kuitwa "chenye hatari" hakuna maana kwamba kiko njiani kuja kutugonga. Ni kama lori zito linalopita barabara ya mtaa wetu: halijamgonga mtu, lakini si busara kuvuka bila ya kulitazama.

Kipande kikiingia katika hewa ya dunia na kuwaka tunakiita kimondo. Yale ya ghaibu yaliyotajwa kuhusu vimondo yana masheikh wake wa kuyafasiri. Mimi hapa nazungumzia jiwe lenyewe, linaloshikika na kupimika. Tanzania tunalo moja mashuhuri, Kimondo cha Mbozi katika mkoa wa Songwe, pande la chuma lenye uzito wa tani 16 hivi, ambalo wakazi wa huko walilijua zamani kabla ya wageni kuja kuliandika katika vitabu.

Madogo huanguka mara kwa mara na hayana madhara. Makubwa ni machache sana. Tarehe 30 Juni 1908, jiwe linalokisiwa kuwa na mita 50 hadi 60 lilipasukia angani katika eneo la Tunguska, Siberia, na kulaza miti katika eneo la kilomita za mraba zaidi ya 2,000. Eneo hilo ni kubwa kuliko kisiwa kizima cha Unguja. Kwa bahati hapakuwa na mji pale.

Hesabu ya leo ndiyo hii. Yale yenye kilomita moja na zaidi, ambayo yangeweza kuleta msiba wa dunia nzima, zaidi ya asilimia 95 yamekwisha kujulikana, na hakuna hata moja lililojulikana ambalo linatarajiwa kutugonga katika karne hii. Lakini yale ya kuanzia mita 140, yanayoweza kuangamiza mkoa mzima au nchi ndogo, yanakisiwa kuwa 25,000 hivi, na yaliyokwisha kuonekana hayajafika nusu yake. Hapo ndipo kazi ilipo. Jiwe lililokwisha kuandikwa na kupigiwa hesabu, kama Apophis, si la kutunyima usingizi. La kufikiriwa ni lile ambalo hakuna aliyeliona.

MTUME (S.A.W.) NA SIKU YA KUPATWA JUA

Ramadhani ya mwaka 2020 ulizunguka ujumbe katika nchi kadhaa za Waislamu, ukilihusisha jiwe la angani na Ijumaa ya tarehe 15 ya mwezi ule. Watu wakaogopeshana, wengine wakashindwa kufanya shughuli zao. Ijumaa ile ikaja ikapita, na wale walioutuma hawakurudi kuwaomba radhi waliowatia hofu.

Ndugu zangu, tunayo ruwaza njema kuliko hiyo. Alipofariki Ibrahim, mtoto wa Mtume (S.A.W.), jua lilipatwa siku hiyo hiyo. Watu wakaanza kusema kwamba jua limepatwa kwa ajili ya kifo cha mtoto wa Mtume. Hebu fikirini! Uvumi ule ulikuwa wa kumtukuza yeye, na alikuwa katika huzuni ya mzazi aliyefiwa. Angeweza kunyamaza tu. Hakunyamaza. Aliwafahamisha watu kwamba jua na mwezi ni alama miongoni mwa alama za Allah, na kwamba havipatwi kwa sababu ya kufa wala kuzaliwa kwa mtu yeyote. Kisha akawaelekeza katika sala na dua.

Mafunzo ni mawili. Kwanza, tukio la angani linaweza kumrudisha mja kwa Mola wake, na hilo ni jambo zuri. Pili, haijuzu kulijengea tukio hilo habari ya uongo, hata kama uongo wenyewe unaonekana kuisaidia dini. Anayesema "nimetuma tu ili watu watubie" na ajiulize: mtu aliyetubia kwa habari ya uongo, ikidhihiri uongo wake, ataiaminije habari ya kweli?

KWA NINI ASILIMIA HUPANDA?

Uvumi hupata nguvu pale tusipoelewa namna hesabu hizi zinavyofanywa. Tuchukue tukio la karibuni. Tarehe 27 Desemba 2024, darubini ya mradi wa ATLAS iliyoko nchini Chile iliona jiwe lililopewa jina 2024 YR4, lenye ukubwa wa mita 60 hivi. Hesabu zikaonyesha kwamba huenda likaigonga dunia tarehe 22 Desemba 2032. Mwanzo uwezekano ulikuwa asilimia 1, ukapanda, mpaka tarehe 18 Februari 2025 ukafika asilimia 3.1. Ukanda ambao lingeweza kuangukia ulianzia Bahari ya Pasifiki, ukapita Amerika ya Kusini, ukavuka Atlantiki na bara letu la Afrika, mpaka Bahari ya Arabu na Asia ya Kusini. Kisha, kabla ya mwezi ule wa Februari kwisha, uwezekano ukaporomoka hadi karibu na sifuri. Wapo waliosema: "Wanatuficha!" Wengine wakasema: "Hawajui wanachofanya."

Hapana. Chukueni mfano wa mpira. Mbele ya kiwanja pana nyumba ndefu yenye madirisha kumi, na moja ni la chumba chako. Mtoto akapiga shuti. Mara ya kwanza unaona tu kwamba mpira unaelekea kwenye nyumba. Dirisha lako ni moja kati ya kumi, sawa na asilimia 10. Mpira ukikaribia unaona kwamba utafikia madirisha matano ya upande wa kulia, na lako limo. Sasa ni moja kati ya matano, yaani asilimia 20. Hofu imezidi! Kisha unatambua kwamba utafikia mawili ya mwisho tu, na lako halimo. Imekuwa sifuri. Mpira haukubadili njia hata kidogo, ila macho yako ndiyo yaliyozidi kuiona njia yake.

Ndivyo inavyokuwa kwa mawe haya. Siku za mwanzo mtaalamu ana picha chache tu za nukta inayosogea baina ya nyota. Kila usiku unaoongezeka hupunguza shaka yake. Apophis lenyewe lilipitia njia hiyo. Lilionekana kwanza tarehe 19 Juni 2004 huko Arizona, Marekani, na tarehe 27 Desemba mwaka huo uwezekano wa kutugonga mwaka 2029 ulifika asilimia 2.7. Zilipopatikana picha za zamani za Machi 2004, ambamo jiwe lile lilikuwemo bila ya kutambuliwa, hesabu ikasahihishwa na hatari ya mwaka 2029 ikaondoka.

WANAFUNZI WALIOTEMBEA JANGWANI

Pengine mwanafunzi atasema: "Haya ni mambo ya watu wa Ulaya na Marekani, sisi tunahusikaje?" Nitamjibu kwa kisa cha Sudan.

Tarehe 6 Oktoba 2008, Richard Kowalski, akitumia darubini huko Arizona, aliona jiwe dogo lenye mita 4 hivi. Wachunguzi wa nchi mbalimbali wakapeleka vipimo vyao, na hesabu zikasema kwamba jiwe lile lingeingia katika anga ya kaskazini ya Sudan kiasi cha saa 19 tu baada ya kuonekana. Na kweli, alfajiri ya tarehe 7 Oktoba, saa 11:46 kwa saa za huko, liliingia na kupasuka juu ya Jangwa la Nubia, kiasi cha kilomita 37 kutoka ardhini. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia jiwe kuonekana likiwa bado angani, kisha likaanguka pale pale lilipotabiriwa.

Wamarekani waliliona kwa darubini. Lakini nani aliyeyaokota mabaki yake? Desemba mwaka ule, Dk. Muawia Shaddad wa Chuo Kikuu cha Khartoum, akishirikiana na mtaalamu Peter Jenniskens, aliwaongoza wanafunzi na wafanyakazi wa chuo chake wapatao 45. Wakajipanga safu moja, bega kwa bega kama watu waliojipanga kwa sala, wakatembea jangwani wakiangalia chini. Mawe meusi wakayaona juu ya mchanga. Katika misafara iliyofuatana yalipatikana mapande kiasi cha 600, yenye uzito wa jumla unaozidi kilo 10. Mawe yale yanajulikana katika maabara za dunia nzima kwa jina la Kiarabu, Almahata Sitta, yaani Kituo cha Sita, kwa jina la kituo cha reli kilichokuwa karibu na pale. Darubini ya Arizona peke yake isingeweza kutuambia jiwe lile limeumbwa kwa nini. Kilichohitajika ni miguu na macho ya vijana wa Khartoum.

Tarehe 2 Juni 2018 jiwe jengine lililoonekana saa chache kabla lilianguka Botswana, na mabaki yake yakapatikana. Mpaka mwisho wa mwaka 2024, mawe yaliyoonekana kabla ya kuanguka yalifika 11. Moja ya darubini za ATLAS zinazolinda anga iko Sutherland, Afrika Kusini. Kwa hiyo Afrika imo ndani ya kazi hii. Swali ni kama vijana wetu nao watakuwemo.

JE, KUJIKINGA NI KUPINGANA NA KADARI?

Hili ni swali zito, na wazazi wana haki ya kuliuliza. Ikiwa Allah amekadiria jiwe litupige, binadamu ni nani hata alizuie?

Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alikuwa njiani kwenda Sham alipopata habari kwamba tauni imeingia huko. Aliwataka watu ushauri, kisha akaamua kurudi. Abu Ubayda (R.A.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Umar akamfahamisha kwamba anatoka katika kadari ya Allah kwenda katika kadari ya Allah. Zingatieni kwamba habari ilimfikia kabla hajaingia katika hatari, akaihakiki, akashauriana, akachukua hatua. Hakuna aliyesema kwamba imani yake ilipungua. Kadari haituondolei wajibu wa kuchukua sababu, kwani sababu nazo zimo ndani ya kadari.

Na katika misiba ya maumbile, huu ni wa pekee. Tetemeko la ardhi hatuwezi kulizuia, kimbunga hatuwezi kukigeuza, lakini jiwe la angani linaweza kusukumwa. Tarehe 26 Septemba 2022 chombo cha Shirika la Anga la Marekani (NASA) kilichoitwa DART, chenye uzito usiofika kilo 600, kiligongeshwa kwa makusudi katika jiwe liitwalo Dimorphos, lenye upana wa mita 160 hivi, kwa kasi ya kilomita 6 kwa sekunde. Dimorphos hulizunguka jiwe kubwa zaidi liitwalo Didymos, na halikuwa na hatari yoyote kwetu. Lilichaguliwa kwa majaribio tu. Kabla ya kugongwa lilikuwa likizunguka kwa saa 11 na dakika 55. Baada ya kugongwa, muda huo ulipungua kwa zaidi ya dakika 30. Tarehe 7 Oktoba 2024 Shirika la Anga la Ulaya likarusha chombo cha Hera kwenda kulikagua jiwe hilo kwa karibu.

Wanafunzi, chukueni kalamu. Tuseme tumeligundua jiwe miaka kumi kabla ya siku ya kugonga, tukaweza kulibadilishia mwendo kwa sentimita 2 tu kwa kila sekunde, mwendo ambao hata kobe anaushinda. Mwaka una sekunde 31,536,000. Miaka kumi ni sekunde 315,360,000. Zidisheni kwa sentimita 2, mtapata sentimita 630,720,000, ambazo ni kilomita 6,307. Kutoka kitovu cha dunia mpaka usoni ni kilomita 6,371. Kwa hesabu hii nyepesi, msukumo mdogo namna hiyo unatosha kulisogeza jiwe kwa umbali unaokaribia nusu ya upana wa dunia yote. Lakini kama tumeligundua mwezi mmoja kabla, msukumo ule ule utalisogeza kilomita 52 tu, na hautatufaa kitu. Kinga yote imo katika kujua mapema.

ONYO LISIPOFIKA

Asubuhi ya tarehe 15 Februari 2013, jiwe lenye mita 20 hivi, ambalo hakuna aliyeliona kwa sababu lilitokea upande wa jua, lilipasukia juu ya mji wa Chelyabinsk nchini Urusi. Mwanga ulikuja kwanza. Watu wakakimbilia madirishani kutazama. Mshindo ukafuata baadaye, ukavunja vioo, na watu 1,500 hivi wakajeruhiwa, wengi wao kwa vigae vya vioo hivyo. Mwalimu mmoja wa darasa la nne aliwaamuru wanafunzi wake 44 waingie chini ya madawati. Hakuna mtoto wake hata mmoja aliyekatwa, ingawa yeye mwenyewe aliumia. Basi wanafunzi, mkiuona mwanga mkubwa wa ghafla angani, msikimbilie dirishani. Kaeni mbali na vioo na mlale chini, kwani mshindo hufuata nyuma ya mwanga.

Sisi watu wa pwani tunao ushahidi wetu wenyewe. Tarehe 26 Desemba 2004, siku moja tu kabla ya ile asilimia 2.7 ya Apophis kutangazwa, tetemeko la Sumatra lilizusha tsunami. Mawimbi yalichukua saa nyingi kuivuka Bahari ya Hindi, na habari za tetemeko zilikuwa zimekwisha kujulikana duniani. Kenya watu waliondolewa fukweni na aliyefariki alikuwa mmoja. Somalia, ambako onyo halikuwafikia wavuvi na wanavijiji, walifariki karibu watu 300. Bahari ilikuwa moja na siku ilikuwa moja. Tofauti kubwa ilikuwa kwamba huku neno liliwafikia watu na kule halikuwafikia.

Wako wanaosema: "Sisi tuna malaria, tuna shule zisizo na madawati, tunaachaje hayo tukashughulikia mawe ya angani?" Hoja hii ina uzito, na simwombi waziri yeyote auze dawa za hospitali anunue darubini. Mitandao ya kimataifa ya kutoa tahadhari, iliyoundwa kwa wito wa Umoja wa Mataifa, ipo tangu mwaka 2014, na hesabu za mawe haya zinatangazwa wazi kwa watu wote. Kinachohitajika kwetu ni watu wanaoweza kuzisoma hesabu hizo na njia ya kulifikisha neno kijijini likiwa sahihi. Anayeweza kufikisha onyo la jiwe ataweza pia kufikisha onyo la mafuriko, na mafuriko tunayo kila mwaka.

TUFANYE NINI?

Kwanza, wazazi wetu. Ukiletewa ujumbe kuhusu jiwe la angani, usiupeleke mbele mpaka uulize mambo matatu: jiwe lina ukubwa gani, litapita umbali gani, na ni nani aliyepiga hesabu? Ujumbe usiojibu hata moja, ufute. Tumeamrishwa kuzihakiki habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga, na amri hiyo haikutengua habari za simu.

Pili, walimu wetu. Umoja wa Mataifa umeutangaza mwaka 2029 kuwa mwaka wa kimataifa wa uelewa kuhusu asteroidi na kuilinda dunia. Napendekeza madrasa zetu zijiandae na usiku ule kama tunavyojiandaa na mwandamo wa mwezi. Mwezi utakuwa mwishoni kabisa, kwa hiyo kiza kitatusaidia. Aprili ni wakati wa masika na huenda mawingu yakatuzuia, lakini mtoto aliyefundishwa mapema atajua kinachopita nyuma ya mawingu. Baada ya sala ya Isha tuwatoe nje, tuwaonyeshe, tuwaeleze, na wasibaki vitandani na hofu waliyoletewa na simu.

Tatu, wanafunzi wapenzi. Msikubali kuambiwa kwamba hisabati ni somo la kupasia mtihani tu. Tunaijua kibla kwa hesabu, nyakati za sala kwa hesabu, na mirathi kwa hesabu. Waislamu wa zamani waliozipima nyota hawakuona ugomvi baina ya msala na vyombo vyao vya kupimia. Mmoja wao, Al-Biruni, leo asteroidi moja imepewa jina lake. Kuna mawe zaidi ya elfu kumi makubwa ambayo bado hayajaonekana na mtu, na darubini mpya kama ile ya Vera Rubin nchini Chile, iliyotoa picha zake za kwanza Juni 2025, zitaleta picha nyingi kuliko wataalamu waliopo. Watahitajika wa kuzisoma. Kwa nini asiwe mmoja wenu?

Mnao muda mpaka Ijumaa ile. Aliyeko darasa la tano leo anaweza kujifunza mengi, na akawa yeye ndiye atakayemtuliza bibi yake siku simu zitakapoanza kulia. Tunamuomba Allah (S.W.) atupe elimu yenye manufaa, ailinde dunia hii tuliyopewa kuwa amana, na atujaalie kuwa wenye kuchukua sababu kisha tukamtegemea Yeye.

Wabillahi tawfiq.